Fahali Asiye na Ufa

Mafahali wa watoto wote walipasuka isipokuwa mmoja, na huyo mmoja ndiye aliyeninyima raha.

Kila Jumamosi asubuhi nilikuwa nikifundisha watoto kufinyanga udongo katika chumba cha nyuma cha nyumba niliyopanga pamoja na dada yangu, hapa Kakamega, upande ule ambapo barabara inateremka kuelekea mtoni. Hatukuwa na tanuri wala gurudumu. Tulikuwa na ndoo mbili za udongo uliochujwa kwa chandarua kilichochakaa, uma za kukwaruzia, bakuli za maji, na meza iliyotandikwa gunia ili udongo usigande. Walikuja watoto saba au wanane wa mtaani, na watu wazima wawili waliotaka kitu cha kushika ambacho si simu. Mmoja wa watoto alikuwa binti wa dada yangu, wa miaka tisa, aliyeniita mwalimu darasani na mama mdogo nje ya darasa, ingawa kati ya darasa na jikoni kulikuwa na pazia tu. Hakuwahi kukosea.

Udongo wetu ulikuwa na tabia zake. Ukiwa mbichi ulikubali kila kitu. Ukianza kukauka ulijikunja kimyakimya, ukavuta miguu kutoka tumboni na pembe kutoka kichwani, na Jumamosi iliyofuata watoto waliingia wakakuta majeruhi. Walikuwa wameufanya mchezo. Rafu ya chini waliiita wodi. Dawa ilikuwa uji wa udongo, unaopakwa kwa kidole kwenye ufa, na daktari alikuwa yeyote aliyewahi kufika.

"Huyu ameaga," mmoja akasema siku moja, akimwinua ng'ombe asiye na kichwa.

"Hajaaga. Ni kichwa tu."

"Kichwa tu? Wewe ukitolewa kichwa utakuja darasani?"

Muhula uliopita mpwa wangu ndiye aliyekuwa na wagonjwa wengi kuliko wote. Muhula huu hakulaza hata mmoja.

Mara ya kwanza nilifurahi. Mara ya pili nilimsifu mbele ya wenzake. Mara ya tatu nilimkuta fahali wake mnene, mwenye tumbo la kutosha kupasuka mara nne, amekauka mzima kama jiwe la mtoni, nami nikasimama naye pale dirishani nikimgeuzageuza mkononi.

Sababu ya kwanza ilikuwa ndogo. Wiki hiyo mwalimu wake wa shule alikuwa amenitumia ujumbe. Shule ilikuwa inaandaa siku ya wazazi kuja kutazama kazi za mikono, na mwalimu alikuwa amechoka na miradi inayofanywa na akina baba huku watoto wanatazama katuni. "Wewe ndiye unamfundisha," aliandika. "Nithibitishie tu kwamba mikono ni yake." Nilijibu papo hapo kwamba mikono ni yake. Sasa sikuwa na hakika.

Sababu kubwa ilikuwa dada yangu. Miaka minne iliyopita alimzika mumewe huko Matete, nyumbani kwa wakwe, na kabla matanga hayajaisha mashemeji walikaa kikao chini ya turubai wakaamua kwamba mtoto ni wa boma lile na atabaki. Mama akitaka kubaki pia, shemeji wapo wa kumrithi. Mama mkwe wake alikuwa ameketi palepale, anasikia, na hakufungua mdomo. Asubuhi iliyofuata dada alimfunga mtoto mgongoni, ingawa alikuwa wa miaka mitano, akashika begi moja na chungu kidogo alichofinyangiwa na huyo mama mkwe siku ya harusi, akapanda gari la kwanza. Tangu hapo amri ya nyumba yetu ilikuwa moja. Mtu yeyote wa kule akimkaribia mtoto, yeye aambiwe siku hiyohiyo. "Siku hiyohiyo," alikuwa akirudia, "si kesho yake." Alisema hivyo huku anafunga vifungo vya sweta ya mtoto, mpaka kile cha shingoni.

Kwa hiyo nilipoona mtoto ana kitu nisichojua kilikotoka, sikuwaza sanaa.

Nilimvunja sikio yule fahali. Lilikuwa dogo kama punje ya mahindi. Nililisugua katikati ya vidole nikiwa peke yangu chumbani. Udongo wetu ukisuguliwa hivyo huwa vumbi laini. Huu ulikwaruza. Ndani yake kulikuwa na chembe nyekundu, kama obusuma, ugali wetu, uliosongwa kwa unga usiochekechwa. Haukuwa mchanga, kwa maana mchanga hung'aa. Zilikuwa chembe za vigae, za chungu kilichokwisha kuchomwa, kikavunjika, kikasagwa, kikachanganywa na udongo mbichi ili uvumilie kukauka. Wanawake walioniuzia udongo wangu wa kwanza waliwahi kunionyesha jinsi wanavyosaga. Nikaona ni kazi nyingi kwa watoto, nikaiacha. Mtoto wa miaka tisa haketi chini kusaga vigae. Kulikuwa na mtu mzima aliyemkandia udongo ule.

Jumamosi iliyofuata nilitazama kuliko nilivyofundisha. Mpwa wangu aliketi mwisho wa meza, chini ya dirisha, akangoja mpaka nikainama kumsaidia mwingine. Nikainama makusudi. Kwa pembe ya jicho nikamwona anatoa kitu chini ya sweta. Kilikuwa kimefungwa kwa jani la mgomba na kuzungushiwa uzi wa gome lake, kwa unadhifu, kama chakula cha msafiri. Sisi udongo wetu tuliuweka ndani ya ndoo na kuufunika kwa kitambaa kilicholowa. Hakuna aliyejua kufunga vile.

Na kando yake alikuwa ameketi yule mwanamume.

Alikuwa mmoja wa wale watu wazima wangu wawili, karani katika ofisi moja mjini, wa miaka arobaini hivi, asiye na mtoto aliyemleta. Alikuja peke yake, akaondoka peke yake, na alifinyanga nyumba tu, ndogondogo, zenye milango isiyofunguka. Siku ya kwanza alisema kwao ni upande wa Matete. Neno hilo nililisikia likapita. Sasa lilirudi likaketi mbele yangu.

Nikaanza kuokota kila kitu. Nani anamsogezea nani bakuli la maji. Kwa nini kiti kilekile kila wiki. Alipomwambia mtoto neno na mtoto akacheka, niliacha kazi niliyokuwa nafanya ili nisikie, na nikasikia tu kwamba pembe moja imependa kulala. Watoto walipotoka nilimwomba abaki.

"Kwenu Matete ni sehemu gani hasa?"

Alinitajia, kisha akaacha kunawa mikono. "Mwalimu, umeniangalia tangu saa tatu. Sema tu."

"Udongo anaotumia yule mtoto wa dirishani unatoka wapi?"

"Nilidhani ni wako."

"Si wangu."

"Basi si wangu pia." Aliinua mkono wa kulia. Vidole viwili vya mwisho havikukunjika. "Hii ni ajali ya pikipiki. Hospitali waliniambia nishike kitu laini kila wiki. Natengeneza nyumba kwa sababu nyumba haina miguu ya kuvunjika. Na naketi pale kwa sababu ya mwanga." Aliiweka nyumba yake ndani ya kasha la viatu, akaifunika. "Lakini mwanamume mzima katikati ya watoto, najua. Nimezoea."

Angenitukana ningepumua vizuri zaidi. Jumamosi iliyofuata hakuja. Nilipomwandikia kumwomba radhi alinijibu kwa adabu kwamba amepata mpira wa kuminyaminya, na unafanya kazi ileile.

Jumamosi hiyohiyo aliyokosa, watoto walifinyanga kazi zao za mwisho, zile za kupelekwa shuleni. Niliwaagiza wazifunike kwa vitambaa vyenye maji ili tuzimalizie wiki itakayofuata.

Jumatatu nilikuwa jikoni, nimeinjika mboga, nikatumbukiza vidole kwenye chungu cha chumvi. Ni kile chungu kidogo cha harusi. Shingoni kina mkanda wa alama za mshazari, zinazofuatana kama punje kwenye gunzi, zilizobiringishwa kwa kamba ya nyasi udongo ukiwa bado mbichi. Kila mfinyanzi husokota kamba yake mwenyewe, kwa mkono wake, na hutakuta kamba mbili zenye alama moja. Miaka minne nilikuwa nimechota chumvi humo bila kukiangalia. Nilizima jiko, nikapita pazia, nikaondoa kitambaa juu ya fahali wa mpwa wangu. Alikuwa amevaa mkanda uleule shingoni.

Sasa nilijua ni mkono wa nani uliomkandia mtoto udongo. Na nilijua kwamba baada ya siku kumi dada yangu atasimama mbele ya meza shuleni, atamwinua fahali huyu, na hatahitaji kumuuliza mtu.

Sikumwambia siku hiyohiyo. Nilijiambia kwamba nimekwisha kumwonea mtu mmoja na sitaki kumwonea wa pili. Ijumaa, mkesha wa darasa, saa ya kutoka shule, nilijibanza nyuma ya kibanda cha mshona viatu ng'ambo ya lango. Mpwa wangu alitoka na wenzake wawili. Karibu na stendi ya pikipiki aliwaacha watangulie. Kando ya barabara vyungu vilikuwa vimepangwa juu ya nyasi kavu, vya mboga na vya maji, na nyuma yake aliketi mwanamke mzee mwenye kitambaa cha manjano kichwani, amenyoosha miguu. Hawakukumbatiana. Mtoto alichuchumaa akaanza kufuta vumbi kwenye vyungu, kimoja baada ya kingine, kwa ncha ya sweta, kama mtu aliyeajiriwa. Mzee alimpa jani lililofungwa. Mtoto akaliingiza chini ya sweta, akasema, "Haya, kukhu," akaondoka mbio.

Kukhu, bibi. Neno hilo sikuwa nimelisikia mdomoni mwake tangu alipokuwa mgongoni mwa mama yake.

Nilivuka barabara. "Mulembe, mama."

"Mulembe." Aliniangalia miguu kwanza, kisha uso. "Wewe ni mdogo wake. Kipaji cha uso ni kilekile. Umetumwa?"

"Sijatumwa."

"Basi umetuvizia."

Nilichuchumaa mbele ya vyungu.

"Mimi nakujanga hapa kila Ijumaa, na pikapu ya mahindi," akasema. "Sikumwita mtoto. Alipita siku moja akashika shingo ya chungu, akasema hiki ni kama chetu cha chumvi. Nikamuuliza, chenu wapi? Akanitajia mama yake. Ningemfukuza? Wewe ungemfukuza?"

"Na udongo?"

"Alisema ng'ombe zake zinakufa. Nani anafundisha hao watoto?"

"Mimi."

"Wewe nani alikufundisha?"

"Nilijifunza mwenyewe."

"Inaonekana," akasema, bila kucheka. "Udongo mtupu. Lazima upasuke."

Nilimuuliza zile chembe ni za nini. Aligeuza chungu kimoja, akakitazama kitako kana kwamba jibu limeandikwa huko.

"Mtungi wa maji wa baba yake. Ulikuwa mlangoni kwake. Watu wa matanga waliuvunja wakihamisha viti. Nikaokota vigae nikaweka. Sikujua naviwekea nini."

Hapo ndipo nilipomwambia kwamba dada yangu hajasahau kile kikao. Kwamba anakumbuka nani alisema nini, na nani alinyamaza.

"Nilinyamaza," akasema. "Hiyo ni kweli. Vijana wangu watatu walikuwa wamesimama pale, na wa nne nilikuwa nimetoka kumfukia. Sauti haikuja." Akakirudisha chungu mahali pake. "Mwambie ukitaka. Mimi Ijumaa nitakuwa hapa."

Njia nzima kurudi nyumbani niliigeuzageuza sauti yake. Bibi aliyekosa mjukuu huanza hivyo, kwa udongo kidogo ndani ya jani. Na mtu anayetaka kumvuta mtoto polepole, Ijumaa baada ya Ijumaa, mpaka siku moja mtoto aombe mwenyewe kwenda Matete, naye huanza hivyohivyo. Nilitafuta tofauti katika maneno yake sikuiona. Mpaka leo sina hakika kwamba ilikuwepo.

Nilipofika hakukuwa na mtu jikoni. Nilipita pazia, nikaondoa kitambaa, nikalowesha kidole gumba, nikakipitisha shingoni mwa fahali. Mara moja, mara mbili, mpaka mkanda ukafutika. Ilikuwa kazi nyepesi mno. Nilijiambia namlinda dada asiumie mbele ya wazazi wengine, na namlinda mzee, na namlinda mtoto. Nilinawa mikono, maji yakatoka na rangi nyekundu.

Asubuhi ya Jumamosi mpwa wangu alimfunua fahali wake akaitazama shingo kwa muda mrefu. Hakuuliza ni nani. Alitazama vidole vya waliokuwa mezani, mmoja mmoja, kisha vyangu. Halafu akainama, akashusha soksi, akatoa kipande cha kamba ya nyasi kisichozidi kidole. Akakilowesha. Akakibiringisha kuanzia nyuma ya pembe, polepole, ulimi umetoka nje kidogo kama ilivyo desturi yake, mpaka mwanzo na mwisho vikakutana bila kuonekana vimekutania wapi.

Alipomaliza hakumwacha fahali rafuni. "Nitamkaushia chumbani," akasema, akambeba kifuani.

Mchana, tukiwa mezani na mama yake, alinipitishia bakuli la mboga. "Shika, mwalimu," akasema.

Dada alicheka. "Darasa limeisha, wewe." Mtoto hakucheka.

Siku ya wazazi ilikuwa Alhamisi. Fahali alikuwa amewekwa kati ya kikapu cha majani makavu ya mgomba na gari la waya lenye taa zinazowaka, ambalo baba wa mwenye gari alikuwa akilieleza kwa watu huku mtoto wake anakula mandazi. Dada alikuja moja kwa moja kutoka kazini. Alimwinua fahali akatabasamu kwa jinsi alivyonona. Kisha kidole chake kikafika shingoni kikasimama. Kikaenda tena, kikazunguka mkanda wote, kama mtu anayesoma gizani.

"Umefanya mwenyewe?"

"Ndiyo."

"Na hapa?"

"Kwa kamba," mtoto akasema, akanitazama mimi.

Dada alimrudisha fahali mezani kwa uangalifu. Naye akanitazama. "Umejua tangu lini?"

"Jumatatu ya wiki iliyopita."

"Nilisema siku hiyohiyo."

Alipeana mikono na mwalimu, akasikiliza sifa zote za mtoto wake, akashukuru mahali pa kushukuru. Nyumbani alipika, akapakua, akalala. Kwake mimi nilikuwa sauti tu ya vijiko.

Kesho yake, Ijumaa, aliomba ruhusa kazini akaenda kumchukua mtoto shuleni. Nilimfuata kwa sababu hakunikataza. Alitembea amemshika mtoto, si mkono bali kifundo, na mtoto alitembea bila kujivuta. Walipofika kwenye vyungu wakasimama, hatua tatu hivi kabla ya nyasi. Mzee alikunja miguu. Hakuinuka. Hakuna aliyesalimia. Pikipiki mbili zilipita na magunia, vumbi likatua juu ya vyungu, na niliona mkono wa mtoto ulio huru unataka kwenda kufuta.

"Chungu cha chumvi kimevunjika mdomo," dada akasema.

Mzee alitazama mkono ulioshika kile kifundo. Kisha akatazama vyungu vyake. "Kilete nikione."

"Nitakileta mimi. Mtoto asitumwe tena."

"Asitumwe," mzee akakubali.

"Na akija, atakuja na mimi."

"Na wewe."

Hayo ndiyo yote. Tuligeuka tukarudi. Nilitembea nyuma yao nikijua kwamba dada yangu amedanganya, kwa sababu asubuhi ileile nilikuwa nimechota chumvi ya mayai, na mdomo wa chungu ulikuwa mzima, mviringo, bila hata mkwaruzo. Nilijiuliza Ijumaa ijayo atasema nini. Nilijiuliza pia kama ni njia yake ya kufungua mlango au ya kumvuta mzee karibu ili amwone vizuri. Kwa dada yangu siku hizo ningeweza kuamini yote mawili.

Jioni hiyo nilikuwa napanga bakuli kwenye chumba cha nyuma niliposikia mlio mdogo kutoka jikoni, mmoja tu, kama kijiko kinachogonga jiwe. Nilipopita pazia dada alikuwa ameshatoka kwa mlango wa uani. Chumvi ilikuwa imemiminwa kwenye sahani. Chungu kilikuwa kando yake, kitupu, na kwenye mdomo palikuwa na pengo la ukubwa wa ukucha, bichi kabisa. Kipande chenyewe kilikuwa kimewekwa juu ya kitambaa safi. Nilikiokota. Ndani ya udongo mweusi wa ule ufa mpya kulikuwa na chembe nyekundu, za chungu kingine cha zamani zaidi, nisichojua kilikuwa cha nani.

Nilipoinua macho, mpwa wangu alikuwa amesimama penye pazia. Alitazama chungu. Alitazama kipande kilichokuwa mkononi mwangu. Kisha, bila haraka, akavitazama vidole vyangu, kimoja kimoja, kama alivyofanya ile Jumamosi.

Ningeweza kumwambia kwamba safari hii si vidole vyangu. Niliweka kipande chini juu ya kitambaa chake, nikanyamaza.